Gunia la Mawe Litangulie

Ukitaja rolakosta hapa Kambarage, mjini Shinyanga, hutakosa mtu wa kukuuliza inaondoka stendi saa ngapi na nauli ya Kahama imekuwa shilingi ngapi. Kwetu Kosta ni basi dogo la abiria, lile ambalo kondakta hasemi limejaa hata siku moja. Ile nyingine, treni ya kuchezea inayopandishwa mlima wa chuma kisha ikaachiwa iporomoke huku waliomo wakipiga mayowe, tunaiona kwenye simu tu. Anzia Shinyanga, pita Kahama, fika mpaka Geita: hakuna hata moja.

Hata hivyo, watu wa ukanda huu wana haki ya kuiita ndugu. Rolakosta ni mtoto wa mgodi. Reli yake, kamba yake, meno ya chuma yanayoizuia isirudi nyuma, hata sauti ile ya ka-ka-ka inayokufanya uanze kujutia tiketi, vyote vilibuniwa na watu waliokuwa wakitoa mawe ardhini. Mchezo ulikuja baadaye, mawe yalipopata njia nyingine ya kusafiri.

Ili kuelewa undugu huo, nenda asubuhi kwenye duara lolote, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kabla jua halijaanza kuchoma. Juu ya shimo utakuta magogo mawili yenye panda yamesimikwa, na la tatu limelazwa juu yake likiwa limezungushiwa kamba. Kila ncha ya gogo hilo ina mkono wa chuma uliopindwa. Hiyo ndiyo winchi. Vijana wawili wanaishika, mmoja kila upande. Wa tatu ana tochi kichwani, nyundo na moko, yaani patasi ya kuvunjia mwamba, mfukoni. Anaketi kwenye kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba, anaikumbatia kamba kwa mkono mmoja, anakanyaga ukuta wa shimo kwa miguu, kisha anazama. Sauti inayobaki juu ni ya gogo likilalamika kwenye panda zake.

Kwenye duara lenye msimamizi makini kuna tendo moja linalotangulia hayo yote. Gunia linajazwa mawe hadi liwe zito kuliko mtu yeyote wa kikosi. Linafungwa pale pale atakapoketi mchimbaji, linashushwa hadi chini na kupandishwa tena. Kamba inaangaliwa urefu wake wote, fundo linakazwa, panda zinatikiswa. Kwenye duara lenye msimamizi mzembe, gunia ni yule kijana mwenyewe.

Historia ya rolakosta, ukiisoma vizuri, ni historia ya gunia hilo: lini watu walianza kulituma litangulie, na ni nani waliotangulia kabla yake.

*

Tuanzie Ujerumani ya karne ya 16. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu kikubwa cha Kilatini kuhusu uchimbaji wa madini, kilichoandikwa na Georgius Agricola, mganga aliyeishi miongoni mwa wachimbaji. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kati ya picha zake kuna kigari kidogo cha mbao kilichotumika kusukuma mawe gizani. Chini ya kigari hicho palikuwa na msumari mnene wa chuma ulioning'inia kwenye upenyo kati ya mbao mbili zilizolazwa njiani. Upenyo ndio ulioongoza gari lisiende kombo. Agricola anaeleza kwamba kigari kilipokwenda kilitoa sauti ambayo baadhi ya watu waliifananisha na kubweka, basi wachimbaji wakakiita mbwa.

Mbwa huyo ni babu wa mambo mengi. Wazo la gari lisilohitaji usukani, linalopelekwa na njia yenyewe, lilitoka kwenye mashimo hayo na mengine kama hayo likawa reli. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kuifanya Shinyanga kuwa mji wa stesheni, ni kitukuu chake. Rolakosta nayo ni kitukuu mwingine, yule wa ukoo aliyekataa kufanya kazi.

Kwa mlalo, mambo yalikwenda. Shida ilikuwa kusimama wima. Migodi ya Harz, kaskazini mwa Ujerumani, ilichimbwa kufuata madini hadi mamia ya mita chini, na kila jiwe lilipaswa kuvutwa juu. Kamba za katani zilioza kwa unyevu. Minyororo ya chuma haikuoza, ila ilikuwa na tabia mbaya zaidi: pete moja ikichoka, mnyororo mzima unakatika ghafla bila hata kunong'ona. Waswahili husema kamba hukatikia pembamba. Tatizo la mnyororo ni kwamba pembamba pake hapaonekani.

Ofisa mmoja wa migodi ya Clausthal, Wilhelm Albert, alilitafakari jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1834, kwenye mgodi wa Caroline, alifunga kamba iliyosokotwa kwa nyaya za chuma: nyaya nne kufanya uzi mmoja, na nyuzi tatu kufanya kamba. Ilikuwa imara kuliko zote zilizotangulia, lakini fadhila yake kubwa ilikuwa nyingine. Waya mmoja ukikatika, zilizobaki zinaendelea kubeba, na ncha iliyokatika inachomoza nje kama mwiba. Mkaguzi akipitisha macho anaiona. Kwa mara ya kwanza, kamba ilijifunza kuonya kabla ya kuua.

Miaka 20 baadaye, kwenye maonyesho ya New York ya mwaka 1854, fundi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililovutwa na kamba mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa. Spring ya chuma iliyokuwa imekunjwa na uzito wa jukwaa ilinyooka mara kamba ilipolegea, ikaingiza ncha zake kwenye meno ya nguzo za pembeni. Kila lifti ya ghorofa za Mwanza au Dar es Salaam ina chembe ya siku hiyo ndani yake. Otis alifanya kile ambacho muuzaji wa kamba mbovu hawezi kukifanya: alijiweka yeye mwenyewe juu ya jaribio, baada ya kuhakikisha kwamba jaribio limekwisha kufaulu.

*

Sasa tuvuke bahari mpaka Pennsylvania, Marekani, kwenye mji mdogo uliokuwa ukiitwa Mauch Chunk. Juu ya mlima kulikuwa na makaa ya mawe, bondeni kulikuwa na mto wa kuyasafirishia, na kati yake kilomita zipatazo 14 za mteremko. Mwaka 1827 kampuni iliyokuwa na machimbo hayo ililaza reli juu ya barabara yake ya zamani. Makaa yalipakiwa, breki ikalegezwa, na uzito wenyewe ukafanya kazi. Safari ya kushuka ilichukua takriban nusu saa.

Ila mabehewa matupu yalipaswa kurudi juu, na kazi hiyo ilifanywa na nyumbu kwa saa kadhaa. Nyumbu nao walihitaji kushuka tena ili wakapandishe mzigo mwingine, hivyo wakatengenezewa mabehewa yao wenyewe. Wakashushwa kwa reli huku wakila nyasi na upepo ukiwapiga masikioni. Inasimuliwa kwamba walipoizoea starehe hiyo hawakukubali tena kuteremka kwa miguu; ukiwaswaga, wanagoma. Kwa hiyo abiria wa kwanza waliopenda mteremko wa reli walikuwa na miguu minne, na waliupata mchezo huo kazini.

Watu hawakuchelewa kuwaonea wivu. Wageni walianza kuja Mauch Chunk kuomba kupanda mabehewa ya makaa, na kampuni ikaona fedha mahali ilipokuwa ikiona vumbi tu.

Katikati ya miaka ya 1840 nyumbu walipumzishwa. Ikajengwa reli ya pili ya kurudia juu, na kwenye mlima Pisgah zikafungwa injini za mvuke za kuyavuta mabehewa kwenye mwinuko mkali wa mita zipatazo 200. Hapo ndipo hofu ya zamani ilipopanda pamoja nayo: je, kinachovuta kikikatika? Jibu lilikuwa reli nyembamba yenye meno, iliyolazwa katikati ya njia. Gari lililosukuma mabehewa kwa nyuma lilikuwa na ulimi wa chuma uliorukaruka juu ya meno hayo kadiri lilivyopanda. Likirudi nyuma hata kidogo, ulimi unanasa. Kila jino lililopitwa lilitoa mlio. Ka, ka, ka, ka, hadi kileleni.

Leo rolakosta nyingi zinapanda mlima wao wa kwanza kwa mlio huo huo, na abiria huutafsiri kuwa ni sauti ya hatari inayokaribia. Kumbe ni kinyume chake. Kila mlio ni taarifa kwamba kuanzia hapa huwezi tena kurudi chini kinyumenyume.

Mwaka 1872 makaa yakapata njia ya reli iliyopita kwenye handaki chini ya milima, na mteremko wa Mauch Chunk ukabaki bila kazi. Haukufungwa. Uliendelea kupandisha na kushusha watalii tu, maelfu kwa maelfu kila mwaka, hadi ulipokufa mwaka 1933 wakati wa mdororo wa uchumi na chuma chake kuuzwa kama skrepa. Kwa miaka 60 reli ya mgodi ilikuwa mchezo mtupu.

*

Haki ni haki: Warusi nao wana sehemu yao katika ukoo huu. Kufikia karne ya 18 walijenga minara ya mbao karibu na Saint Petersburg, wakaimwagia maji wakati wa baridi kali ili yagande, wakateleza kutoka juu. Mwaka 1817 Paris ikaiga kwa magurudumu, na hadi leo Wafaransa huita mchezo huu milima ya Kirusi. Warusi wenyewe huuita milima ya Kimarekani. Kila mmoja anamsukumia mwenzake lawama.

Aliyeufanya kuwa biashara ya kila mji ni LaMarcus Thompson. Tarehe 16 Juni 1884 alifungua njia yake ya mbao ufukweni Coney Island, New York. Ilikuwa na urefu wa mita 180 hivi na kimo cha mita 15, na mwendo wake ulikuwa kilomita 10 kwa saa, yaani mwendesha baiskeli wa Kambarage mwenye gunia la mpunga nyuma angeipita. Ulilipa senti tano, ukashuka upande mmoja, ukatoka nje, wahudumu wakalisukuma gari juu ya mnara wa pili, ukarudi. Watu walipanga foleni.

Palipo na foleni pana ushindani, na palipo na ushindani kuna mtu atakayeruka hatua. Mwaka 1895, hapo hapo Coney Island, ikafunguliwa njia iliyomzungusha abiria kichwa chini ndani ya duara kamili. Duara kamili linapendeza machoni, lakini gari linapoingia kutoka njia iliyonyooka kwa kasi kubwa, mwili unabadilishiwa mwelekeo kwa mara moja. Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa duara hilo abiria alilemewa na nguvu ya mara 12 ya uzito wake. Shingo ziliumia. Watu wengi wakaona afadhali kulipa kiingilio cha kutazama wengine wakizungushwa. Njia hiyo ilidumu miaka michache ikavunjwa, na kosa lake lilijulikana kwa gharama ya shingo za wateja. Hapakuwa na gunia lililotangulia.

Suluhisho lilichukua miaka 80. Mhandisi Mjerumani Werner Stengel alikokotoa kwamba mzunguko unapaswa kuwa na umbo la tone la maji, mpana chini na mwembamba juu, ili nguvu ije polepole. Mwaka 1976 umbo hilo lilitumika California, na kuanzia hapo kupinduliwa kichwa chini kukawa salama kuliko kupanda pikipiki.

Kati ya Thompson na Stengel alikuwepo John Miller, Mmarekani ambaye jina lake halikutangazwa sana lakini kazi yake iko chini ya kila treni. Mwaka 1910 alisajili ulimi wa kuzuia gari lisirudi nyuma kwenye mwinuko, mrithi wa ule wa mlima Pisgah. Mwaka 1919 akasajili gurudumu linalokimbia chini ya reli. Kabla yake, gari lilikalia reli kwa uzito wake tu. Kwenye kilele chenye kasi lingeweza kuruka kama trekta bila tela kwenye tuta. Baada yake, gari liliishika reli kwa juu, kwa pembeni na kwa chini. Hapo ndipo wajenzi walipothubutu kujenga milima inayowainua watu vitini.

*

Wakati Miller anasajili magurudumu yake, huku kwetu dhahabu ilikuwa imekwisha kuonekana. Wajerumani waliona dalili zake Geita kabla ya karne ya 20 kuanza, na kuanzia miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi pale hadi ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Kahama, dhahabu ya Bulyanhulu ilijulikana katikati ya miaka ya 1970. Kilichofuata kila mwenyeji wa ukanda huu anakijua: rashi. Neno linatajwa jioni, kesho yake asubuhi shamba la mihogo limekuwa mji, na mashimo yameota kama nyumba za panya buku.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, na machungu ya siku zile bado yanasimuliwa vijiweni Kakola. Kampuni ya Barrick iliuchukua mradi mwaka 1999. Mwaka 2001 Rais Benjamin Mkapa akafungua mgodi wenye shafti ya wima ya zaidi ya mita 1,000. Milima mirefu tunayoiona kutoka barabarani ukanda huu haifikii kimo cha shimo lile.

Shafti kama hiyo hujengwa kutoka juu kwenda chini. Kikosi kinatoboa matundu kwenye sakafu ya mwamba, kinajaza baruti, kinapandishwa, kinalipua, kinarudi kuzoa kifusi, kisha kuta zinamwagiwa zege, na mchezo unaanza upya mita chache chini zaidi. Wajenzi husafiri ndani ya ndoo kubwa ya chuma inayoning'inia kwenye kamba. Shafti ikikamilika ndoo inaondolewa na keji inafungwa, lifti ya mgodini inayokwenda kati ya reli za wima.

Hapo ndipo utaratibu wa gunia unapoonekana kwa ukubwa wake. Katika migodi ya aina hii duniani, kamba huchaguliwa yenye uwezo wa kubeba mara kadhaa ya mzigo wake halisi. Kila baada ya muda maalumu hukatwa kipande cha mwisho wake, kikapelekwa maabara kuvutwa hadi kikatike, ili ijulikane nguvu iliyobaki. Mtambo unapokuwa umesimama, au shafti imefanyiwa ukarabati, keji hupelekwa tupu mpaka chini na kurudishwa kabla mtu hajapewa ruhusa ya kuingia. Wafanyakazi wamesimama na kofia zao na taa zao, wanatazama kamba ikikimbia. Wanasubiri chumba kitupu kirudi.

Mpandaji wa rolakosta na mchimbaji wa zamu ya asubuhi wana mambo mawili ya pamoja: wote wawili wanashushwa kwa kasi wasiyoiamua, na wote wawili wametanguliwa na kiti kisicho na mtu.

*

Twende sasa Ghuba, kwenye kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepita kutafuta maisha kwenye ulinzi, hoteli na bustani za michezo. Mwezi Novemba 2010 bustani ya Ferrari World ilifungua Formula Rossa, iliyojengwa na kampuni ya Intamin. Ina urefu wa zaidi ya kilomita mbili na kilele cha mita 52, na kasi yake ya kilomita 240 kwa saa ilikuwa kubwa kuliko ya rolakosta zote za dunia wakati huo. Abiria huvaa miwani ya kuziba macho, maana punje ya mchanga kwa kasi hiyo ni risasi.

Ukiuliza kasi hiyo inatoka wapi, jibu litamfurahisha mtu wa machimboni. Inatoka kwenye winchi. Kuna ngoma kubwa ya chuma iliyozungushiwa kamba za nyaya, jamaa za ile ya Albert wa Clausthal. Mafuta yanasukumwa kwa shinikizo kubwa na kuizungusha ngoma. Ngoma inavuta kamba. Kamba inavuta kigari kidogo kilichonasa tumbo la treni. Kwa takriban sekunde tano treni inatoka kusimama hadi kilomita 240 kwa saa. Yale magogo matatu ya duarani yamevaa suti.

Ujenzi wa kitu kama hicho huanza kwenye karatasi na kompyuta, ambako kila mita ya njia imekokotolewa treni ikiwa imejaa na ikiwa tupu, siku ya baridi na siku ya joto. Vipande vya reli vinaundwa kiwandani, vinasafirishwa kwa namba, vinainuliwa kwa kreni na kufungwa kwa nati. Maungio hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio ili kusaka ufa uliojificha ndani ya chuma.

Siku reli inapofungwa kipande cha mwisho, watu wa nje hudhani kazi imeisha. Ndiyo kwanza inaanza.

Kwanza behewa moja hufungwa kiunzi kinachoonyesha mahali pote ambapo mkono au mguu wa abiria mrefu unaweza kufika. Linavutwa kwa kamba polepole njia nzima, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, huku mafundi wakitembea kando. Kiunzi kikigusa nguzo, kikigusa ngazi, kikigusa hata tawi la mti, kazi inasimama hadi kizuizi kiondolewe. Hatua hii haina mayowe wala kasi, lakini ndiyo inayookoa mikono ya watu.

Pili treni inaachiwa tupu. Mara nyingi jaribio la kwanza halifiki mwisho. Grisi bado nzito, magurudumu mapya bado magumu. Treni inapanda mlima wa tatu au wa nne, inapungukiwa, inarudi nyuma, inabembea huku na huku hadi inatulia bondeni. Kreni au winchi inaitwa kuitoa. Hakuna anayeona haya, kwani siku hiyo imetengwa kwa ajili ya aibu hizo.

Tatu ndiyo hatua ninayoipenda. Kwenye viti vinafungwa vidumu vya plastiki vyenye umbo la kiwiliwili, vikiwa vimejazwa maji hadi uzito wa mtu mzima. Vinafungwa mikanda vizuri kama abiria wa kweli. Vinapanda, vinaporomoka, vinapinduliwa, mara mia, kisha mara mia nyingine, mchana na usiku. Vifaa vya kupimia vinaandika nguvu inayopiga kila kiti kwenye kila kona. Njia nzima imegawanywa vipande, na breki zimepangwa ili treni mbili zisiingie kipande kimoja. Mafundi huikatia treni umeme makusudi, huziba kihisishi makusudi, kuona kama itasimama inapotakiwa. Wanaisaliti ili wajue kama itawasaliti.

Baada ya maji ndipo hupanda wahandisi. Baada yao wakaguzi. Baada yao wafanyakazi wa bustani. Mwenye tiketi ni wa mwisho, na hata akishapewa zamu yake, kila asubuhi kabla ya lango kufunguliwa treni hutumwa tupu kwanza. Hata zile zilizojengwa baadaye kuipita Formula Rossa, kama ile iliyobuniwa kwa kilomita 250 kwa saa huko Qiddiya, Saudi Arabia, zimepita kwenye mlango huo huo mwembamba.

*

Mtu anaweza kuuliza: yote hayo kwa ajili ya mchezo? Vidumu vya maji mara mia ili mtoto wa tajiri apige kelele dakika moja na nusu? Swali ni halali, lakini limeelekezwa mahali pasipo pake. Ajabu haiko kwa yule anayecheza kulindwa namna ile. Ajabu ni kwamba kinga hiyo ilibuniwa na watu wa kazi, ndani ya mashimo, kwa sababu walichoka kuzika wenzao. Kisha ikasafiri hadi ufukweni na jangwani, huku baadhi ya mashimo yakisahaulika nyuma.

Gunia la mawe halihitaji mafuta ya shinikizo wala kompyuta. Mawe yapo, hayajawahi kukosekana machimboni. Kinachokosekana ni dakika 20 za asubuhi, na mtu wa kusema kwamba dakika hizo si uvivu.

Sikukuu ya Idd iliyopita, palikuwa na bembea ya kuzunguka kwenye uwanja mmoja mtaani kwetu, ile inayoletwa juu ya fuso na kufungwa usiku kucha. Viti vya rangi vimening'inia kwenye minyororo, mota inanguruma, watoto wamejipanga na shilingi zao mkononi. Mama mmoja aliyevaa kitenge alifika mbele akiwa amemshika mwanawe wa miaka kama sita.

"Kaka, samahani, naomba uizungushe tupu kwanza."

Kijana wa bembea alicheka. "Mama, hii tangu asubuhi inabeba watoto."

"Nimeona. Lakini mimi nimeolewa machimboni."

Foleni ilinung'unika. Kijana alimtazama yule mama, akatazama minyororo yake, kisha akawashusha wawili waliokuwa wamekwisha kukaa. Akapita kiti kwa kiti akivuta kila mnyororo kwa uzito wa mwili wake. Kwenye kiti cha tano alisimama kidogo, akachukua spana mfukoni, akakaza kitu. Akarudi kwenye mota.

Viti vitupu vikaanza kwenda, vikainuka, vikatawanyika hewani kama kuku waliotupiwa jiwe. Vikazunguka hadi alipohesabu mara 10. Mama alikuwa ameinua uso, midomo ikihesabu pamoja naye. Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa kucheleweshwa.